Je, Wajua? Rafiki akiacha sigara, nawe unaponea hapo

Louisville, Kentucky, ilikuwa ngome ya sigara: kampuni ya Brown & Williamson ilikuwa na makao yake makuu mjini humo hadi 2004. Miaka mitatu baadaye mji huohuo ukapiga marufuku uvutaji hata ndani ya baa. Jimbo la Ohio lilitangulia kidogo. Wapiga kura waliamua hivyo Novemba 2006.

Buffalo, New York, ilichukua njia ya simu. Tangu 2000, hospitali ya saratani ya Roswell Park inaendesha laini ya kuwasaidia wavutaji. Anayepiga hupanga na mshauri tarehe ya kuacha, na anaweza kutumiwa bure plasta za nikotini za kubandika mwilini.

Lakini nani ana nguvu zaidi ya kukufanya uache? Nicholas Christakis na James Fowler walichunguza rekodi za watu 12,067 wa Framingham, Massachusetts, za 1971 hadi 2003. Rafiki akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulishuka kwa asilimia 36. Mume au mke akiacha, asilimia 67!

Na jirani? Hakuwa na athari yoyote, hata akohoe vipi ukutani.