Mvua ya Kwanza Barabarani

Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hufika utosini Lilongwe. Mji huo uko karibu na nyuzi 14 kusini mwa ikweta, na katika siku hizo kivuli cha mtu aliyesimama wima hujikunja chini ya miguu yake. Nyasi zimeungua, majivu yamelala kando ya barabara, na lami ya barabara kuu ya M1 kati ya maeneo ya Area 25, Kanengo na Lumbadzi imekaa karibu nusu mwaka bila kuoshwa na mvua ya maana. Halafu, alasiri moja, wingu jeusi linapanda upande wa wilaya ya Dowa na matone mazito yanaanguka kwa dakika ishirini. Wachewa huiita mvua hiyo chizimalupsa, mvua inayozima mioto ya nyika. Mkulima huipokea kwa furaha. Kwa mwendesha kabaza aliyempakia mtu na gunia kuelekea Dzaleka, dakika hizo ishirini zinaweza kuwa za hatari kuliko saa nzima ya mvua ya Januari.

Kabaza ndiyo bodaboda ya Malawi. Ilianza kwa baiskeli zenye kiti cha abiria nyuma, na sasa pikipiki za India na China, nyingi zikiwa za cc 100 hadi 150, zimejaa vituoni. Dzaleka, umbali wa kilomita arobaini na kitu kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda kabla ya kufunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kuhifadhi watu kama 10,000 hivi. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya barazani. Tangu mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, uhai wa familia nyingi umetegemea zaidi mizigo na safari ndogo ndogo. Nyingi za safari hizo ni za magurudumu mawili.

Kinachotokea barabarani siku ya mvua ya kwanza kina maelezo ya kisayansi yaliyo wazi. Kila gari linalopita huacha kitu: tone la oili, moshi wa dizeli, unga mwembamba wa mpira wa tairi. Juu yake huongezeka vumbi, na katika nyanda za Lilongwe, masizi ya mashamba yaliyochomwa. Mchanganyiko huo hujikusanya katika vitundu vidogo vya lami, vilevile ambavyo tairi huvitegemea ili kushika. Mvua kidogo inapoanguka haiwezi kuusomba. Inauloweka, unainuka, unakuwa utando mzito kuliko maji matupu, na mpira wa tairi haufiki tena kwenye kokoto za lami. Mvua ikiendelea kwa nguvu, utando huo husombwa hadi mitaroni na barabara hurudisha sehemu kubwa ya ushikaji wake, ingawa bado imelowa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 mtafiti Daniel Eisenberg alichapisha uchambuzi wa ajali za majimbo 48 ya Marekani kuanzia 1975 hadi 2000. Aligundua kwamba sentimita moja ya mvua iliongeza ajali za vifo kwa takriban asilimia 3 kama zilikuwa zimepita siku mbili tu tangu mvua iliyotangulia. Zikiwa zimepita zaidi ya siku 20, ongezeko lilifika takriban asilimia 9. Kiasi cha maji kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni urefu wa ukame uliotangulia. Eisenberg alitaja pia uwezekano kwamba madereva wenyewe, baada ya kiangazi, huwa wamesahau namna ya kuendesha kwenye maji.

Sasa tuitazame Malawi kwa jicho hilo. Siku 20 ni kitu kidogo huko. Lilongwe hupata milimita 800 hadi 900 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na kuanzia Juni hadi Septemba hupita wiki nyingi pasipo tone. Mtu aliyejifunza pikipiki Bukavu au Uvira, mashariki mwa Kongo, hakuzoea hivyo. Katika Kivu kiangazi kikubwa ni cha Juni, Julai na Agosti, mvua zinarudi Septemba, na barabara huoshwa sehemu kubwa ya mwaka. Mkenya na Mtanzania wa kaskazini wana misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo uchafu wa lami haupati nusu mwaka mzima wa kujijenga. Malawi ina msimu mmoja tu. Uzoefu wa mmotari, yaani mwendesha pikipiki, wa Kongo au Burundi, hata uwe wa miaka kumi, haumwandai sawasawa kwa lami iliyokaa kavu tangu Aprili. Hili linastahili kusemwa waziwazi kwa vijana wanaofika Dzaleka wakishika pikipiki ya kukodi kwa mara ya kwanza kwenye M1.

Na bado mvua yenyewe ina asili inayowahusu Wakongo. Jua likisogea kusini, bara hupata joto, kanda ya kukutana kwa pepo hushuka kutoka ikweta, na hewa yenye unyevu kutoka bonde la Kongo hupenya hadi Malawi. Hapo hukutana na upepo wa kusini-mashariki utokao Bahari ya Hindi. Mawingu yanayojengeka ni ya radi, marefu, na hupasuka zaidi alasiri na jioni. Novemba jua huzama Lilongwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo saa ambayo wafanyakazi wa Kanengo wanatafuta kabaza ya kurudi nyumbani ndiyo saa ya mvua, na pia ndiyo saa ya giza.

Waendesha pikipiki wengi huamini kwamba maji mengi ndiyo yanayoangusha: tairi linaelea juu ya dimbwi na usukani hauitiki. Kuelea huko kupo. Mhandisi wa NASA Walter Horne, akichunguza matairi ya ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea unategemea zaidi upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa kanuni yake, tairi lenye upepo wa paundi 30 kwa inchi ya mraba huanza kuelea karibu na kilomita 91 kwa saa. Tairi la pikipiki, kwa umbo lake la mviringo, hukata maji vizuri zaidi ya lile bapa la gari, hivyo huweza kuvumilia hata zaidi. Kabaza iliyobeba abiria wawili kwa kilomita 50 kwa saa haijakaribia mwendo huo. Inayoiangusha ni ile tabaka nyembamba ya oili na vumbi, ambayo haihitaji mwendo mkubwa wala kina cha maji. Lakini upepo ukipungua hadi paundi 16, kanuni ileile inatoa kilomita 67 kwa saa, na hapo tairi kipara kwenye mteremko uliojaa maji limeingia kwenye hatari zote mbili.

Hesabu ya breki ni rahisi na inatisha. Kwa kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7, pikipiki inaweza kusimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki iliposhika. Msuguano ukishuka hadi 0.35, umbali huo unakuwa mita 28. Ongeza mita nyingine 14 zinazopotea katika sekunde moja ya kuona na kuamua. Mita 42 kwa jumla, na hapo imehesabiwa kwamba mikono ni ya mtu mtulivu. Mwendeshaji anayeogopa breki ya mbele na kukanyaga ya nyuma peke yake anahitaji zaidi, kwa sababu uzito wa chombo hukimbilia mbele kinapopunguza mwendo na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, tayari kuteleza pembeni. Ushauri wa walimu wa udereva ni kutumia zote mbili, kwa kubana polepole, pikipiki ikiwa imesimama wima, na kumaliza kupunguza mwendo kabla ya kona. Mistari ya rangi nyeupe na vifuniko vya chuma barabarani huteleza kuliko lami inayovizunguka. Ni bora kuvivuka kwa wima, bila breki.

Pikipiki nyingi za kabaza zina breki za ngoma. Zikipita kwenye maji, unyevu huingia kati ya ngoma na kile kinachoibana, na kwa mizunguko kadhaa ya gurudumu breki hushika kidogo mno. Dawa yake ni kubana breki kidogo huku ukitembea taratibu, hadi joto likaushe. Jambo hili dogo lifanyike mara tu baada ya kuvuka dimbwi, kabla ya kuzihitaji breki.

Nje ya lami mambo ni mengine. Njia za ndani za Dzaleka na vijiji vya Dowa ni za udongo mwekundu, na sehemu kubwa ya udongo wa namna hiyo ni madini yaitwayo kaolini, yenye vipande bapa vidogo mno kuonekana kwa macho. Vikiwa vikavu hukamatana na njia inakuwa ngumu. Maji yakiingia kati yao, hutelezeana kama karata zilizolowa. Mvua ya dakika kumi hulainisha sehemu ya juu tu, huku chini kukiwa bado kugumu, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote: tairi halizami likapata pa kushika, wala halikanyagi pakavu. Baadaye udongo huganda kwenye meno ya tairi na kujaza nafasi chini ya madigadi hadi gurudumu la mbele likawa zito kuzunguka. Wazoefu hupunguza mwendo, hushika gia ndogo, hufungua mafuta kwa upole, na abiria anaombwa kushuka atembee sehemu mbaya. Abiria akikataa, mwendeshaji ana haki ya kusimama.

Wingu la radi hutoa onyo kabla ya kufika. Matone yanayoanguka kupitia hewa kavu huvukizwa njiani na kuipoza hewa hiyo. Hewa baridi ni nzito, inaporomoka, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Ndio ule upepo wa ghafla wa vumbi unaofika dakika kadhaa mbele ya mvua na kuisukuma pikipiki upande mwingine wa barabara, hasa ikiwa imebeba magodoro au mabati. Upepo huo huja pia na harufu ya ardhi iliyolowa. Mwaka 1964 Isabel Joy Bear na Richard Thomas wa Australia walieleza kwamba harufu hiyo hutokana na mafuta ya mimea yaliyohifadhiwa kwenye mawe na udongo wakati wa ukame. Sehemu nyingine ya harufu hutokana na geosmini, kemikali ya bakteria wa udongo ambayo pua ya binadamu huinusa hata ikiwa kidogo mno. Mmotari anayeinusa huku barabara yake ingali kavu anajua mvua imeshaanguka mahali pa karibu. Ni wakati wa kutafuta baraza ya duka.

Wakongo wanaijua radi. Katika orodha ya maeneo yenye radi nyingi duniani iliyochapishwa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti, Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza, na Kabare, Kivu Kusini, la pili, kwa zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hata hivyo imani moja imesafiri nao na inabaki ya hatari: kwamba matairi ya mpira humkinga mtu na radi. Anayekingwa ndani ya gari hukingwa na bodi ya chuma inayomzunguka, umeme ukipita nje yake. Pikipiki haina bodi. Sekunde tatu kati ya mwale na ngurumo ni kilomita moja, na radi huweza kupiga kilomita kadhaa kutoka mvua ilipo. Mti wa peke yake kando ya barabara ndio mahali pa mwisho pa kusimama.

Ulaya nako mwanzo wa msimu una shida zake. Nchini Ujerumani, tangu 1997, mtu anaweza kusajili pikipiki kwa miezi fulani tu ya mwaka, hivyo wengi huifungia baridi ikianza na kuitoa machipuko. Aprili hukutana na chumvi na kokoto zilizobaki barabarani tangu theluji, matairi baridi yasiyoshika, na mikono iliyosahau kazi. Tofauti na kabaza ni kubwa: yule wa Ujerumani hurudi barabarani akijua msimu umebadilika. Huyu wa Area 25 hakuacha hata siku moja. Msimu ndio unaobadilika chini ya magurudumu yake, saa tisa alasiri, abiria akiwa nyuma.

Tarehe ya mabadiliko hayo nayo haitabiriki vizuri kama zamani. El Niño ya 2023/24 iliivuruga mvua kiasi kwamba Machi 2024 Rais Lazarus Chakwera alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Mwaka mmoja kabla, kimbunga Freddy kilikuwa kimemwaga kusini mwa nchi, kwa siku chache, mvua ya miezi. Msimu ukichelewa, uchafu wa lami nao unaendelea kulimbikizwa.

Mvua ije lini, kuhusu kofia ushahidi haubishaniwi: mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Abiria ana kichwa vilevile, na kwenye kabaza mara nyingi ndiye asiye nayo.

Kinga nyingine ni taarifa. Idara ya Hali ya Hewa ya Malawi hutoa utabiri wa msimu kila mwaka, na unamlenga zaidi mkulima: lini apande, mbegu gani. Takwimu zilezile zinaweza kumhudumia mmotari bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni namba moja, siku zilizopita tangu mvua ya mwisho katika kituo cha Lilongwe, itangazwe kila asubuhi kuanzia Oktoba pamoja na utabiri wa alasiri. Isomwe kwa Chichewa vituoni Area 25, na kwa Kiswahili na Kinyarwanda Dzaleka, kabla pikipiki hazijatoka.