Je, Wajua? Chemba ya zege inaweza kuelea

Zege huzama, ndiyo. Lakini chukua pete ya chemba ya maji taka yenye upana wa mita 1 kwa ndani na ukuta wa sentimita 10. Kila mita ya kimo ina uzito wa kilo 830 hivi, ilhali ikizibwa chini na kuzungukwa na maji, husukuma kando kilo 1,130 za maji. Hesabu inaegemea upande wa maji: chemba tupu huinuka na kung'oa mabomba yaliyounganishwa nayo.

Kwa fundi wa Loliondo, hatari hiyo huja na masika, shimo likijaa maji ya mvua kabla ya kufukiwa. Dawa yake ni kumwaga kitako cha zege kipana kuliko pete, kisha kufukia na kushindilia udongo tabaka kwa tabaka, pande zote kwa pamoja.

Usafirishaji nao ni kasheshe. Kutoka Arusha hadi Loliondo, pete hupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Engaresero. Kwenye njia hiyo, kipande cha lami cha Waso–Sale ni kilomita 49 tu. Ndiyo maana kumwaga pete papo hapo kwa kalibu ya chuma, ikipatikana, na mchanga wa karibu huokoa fedha nyingi.