Muziki kama Somo la Mtihani katika Shule za Sekondari za Arua na Koboko, Uganda: Changamoto za Upimaji na Walimu

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya muziki kama somo la mtihani katika shule za sekondari za Arua na Koboko, eneo la Nile Magharibi, tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutekelezwa mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba kikwazo si uhaba wa muziki katika jamii, bali ni upimaji usiowiana na namna muziki huo unavyoundwa, pamoja na motisha ndogo kwa walimu.

1. Utangulizi

Nile Magharibi ni makutano ya lugha na ngoma. Kilugbara kinachozungumzwa Arua kimo katika kundi la lugha za Sudani ya Kati. Kikakwa cha Koboko, ambacho wasemaji wake wako pia Kongo na Sudan Kusini, ni lugha ya Kiniloti ya Mashariki, na Kialur kilichoko kusini ni ya Kiniloti ya Magharibi. Adungu, kinubi cha upinde kinachonasibishwa na Waalur, kimeenea makanisani na shuleni kote Uganda. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza muziki wa o'di, ala ya nyuzi ya Wamadi walio jirani, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Hata hivyo, wingi wa muziki katika jamii hautoshi kuufanya somo. Somo la mtihani huhitaji mwalimu, ala, vipindi katika ratiba, na mtahini anayeweza kutoa alama kwa haki.

2. Nafasi ya muziki katika mtaala

Chini ya mtaala wa awali, muziki ulitahiniwa na Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, kama somo linalojitegemea. Mtaala wa mwaka 2020 uliuunganisha na ngoma na drama katika somo moja la hiari, yaani Sanaa za Maonyesho. Katika vidato viwili vya kwanza, mtaala huo uliweka masomo 11 ya lazima, Kiswahili kikiwa miongoni mwake, na kumwachia mwanafunzi somo moja tu la hiari. Muziki, basi, unagombea nafasi hiyo moja na masomo kama Kilimo na TEHAMA.

Upimaji nao ulibadilika. Tathmini endelevu inayofanywa shuleni ilitengewa asilimia 20, na mtihani wa mwisho asilimia 80. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huu walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024.

3. Tatizo la kumpima mtahiniwa mmoja mmoja

Mtihani hutoa alama kwa mtu binafsi. Muziki mwingi wa Nile Magharibi haugawanyiki hivyo. Mfano ulio wazi ni agwara, tarumbeta za kundi zinazopigwa na Waalur na Walugbara. Kila tarumbeta hutoa sauti moja au mbili tu, na mahadhi huzaliwa pale wapigaji wanapopokezana kwa mpangilio. Mpigaji akitengwa na wenzake hana wimbo wa kuwasilisha, ijapokuwa umahiri wake wa kuingia kwa wakati ni mkubwa. Mtihani unaodai wimbo wa mtu mmoja humnyima alama kwa sababu ya muundo wa ala yake, si kwa udhaifu wake.

Tatizo la pili ni utunzi. Kanuni za kuoanisha maneno na mahadhi zinazofundishwa kutoka vitabu vya Ulaya hufuata mkazo wa silabi. Kilugbara ni lugha ya toni: kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Mwanafunzi anayetunga kwa Kilugbara hulazimika kuiheshimu toni kwanza. Mtahini asiyeijua lugha hiyo anaweza kuiona hatua hiyo kama kosa.

Adungu limepenya kwa urahisi zaidi kwa kuwa siku hizi hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali na kulinganishwa na skeli ya nota saba. Mafanikio hayo yana gharama: ala inayokubaliana na kinanda hupata alama, na isiyokubaliana hubaki kuwa burudani ya sherehe.

4. Walimu

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi takribani shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa akibaki na karibu milioni 1. Walimu wa sanaa waligoma mwezi Juni mwaka huo. Mwalimu wa muziki yumo katika kundi la pili. Athari yake ni ya mzunguko: asipokuwapo mwalimu, hapana watahiniwa, wasipokuwapo watahiniwa, hapana wa kwenda vyuoni kusomea ualimu wa muziki na kurejea Arua au Koboko kufundisha.

5. Mapendekezo

Kwanza, mwongozo wa upimaji uruhusu onyesho la kundi ambamo kila mtahiniwa hupewa alama kwa jukumu lake: kuingia kwa wakati, kusikiliza wenzake na kueleza muundo wa wimbo. Pili, mafundi wa adungu na agwara washirikishwe rasmi katika ile asilimia 20 ya tathmini endelevu, mwalimu akibaki mwenye dhamana ya alama. Tatu, shule za Arua na Koboko zichangie mwalimu mmoja na seti moja ya ala, kwa kuwa shule moja yenye wanafunzi wachache haiwezi kubeba gharama hizo peke yake. Nne, utunzi kwa lugha za toni usahihishwe na mtahini anayeielewa lugha husika.

6. Hitimisho

Mapendekezo matatu kati ya haya hayadai mabadiliko ya mtaala. Yanadai mwongozo, ratiba na uteuzi wa watahini. Lililo gumu ni tofauti ya mishahara, nalo ni suala la bajeti ya taifa. Likiachwa lilivyo, tamasha za shule zitaendelea kufana, lakini kijana anayeumudu muziki wa kwao hatakuwa na cheti cha kuuthibitisha umahiri huo.