Fizi zako zina milimita ngapi?

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuongee habari za mdomo.

Kwa muda mrefu kila nikipiga mswaki asubuhi nilikuwa natema mate yenye damu. Najisemea, ah, mswaki huu mgumu. Maumivu sina, sasa daktari wa nini? Mwezi uliopita jino la nyuma likaanza kucheza, ndipo nikaenda.

Yule dada daktari hakung'oa kitu. Alichukua kichuma chembamba chenye alama kama za rula, akawa anakipitisha taratibu kati ya jino na fizi huku anamtajia nesi namba: "Mbili, tatu, tano, sita..." Nikauliza, hizo ni namba za nini?

Akanieleza hivi. Kati ya fizi na jino kuna kinafasi, kwa mtu mzima wa afya ni milimita 1 hadi 3. Ukoga ukikaa hapo, fizi inavimba na kutoa damu. Ukiganda kama jiwe, mswaki hauutoi tena. Kinafasi kinageuka mfuko, na mfupa ulioshika jino unaliwa kidogo kidogo. Kipimo kilichoenea tangu 1982 kinatoa alama: 0 fizi nzima, 1 damu, 2 ukoga mgumu, 3 mfuko wa milimita 4 au 5, na 4 ni milimita 6 na kuendelea.

Jamani, mimi nina 4!

Ila kichuma hakijui kama usiku umelala. Ndiyo maana mwaka 1997 watafiti Adulyanon na Sheiham walitoa kipimo cha maswali: katika miezi 6 iliyopita, matatizo ya mdomo yamekusumbua kula? Kuongea? Kusafisha meno? Kulala? Kucheka bila aibu? Yamekufanya uwe na hasira? Kazi je? Kukaa na watu? Halafu mara ngapi, na kwa kiasi gani. Kimejaribiwa hata kwa wanafunzi wa vyuo hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2003.

Nikajijibu mwenyewe. Kula, hapana. Kulala, hapana. Nikakwama kwenye kucheka: siku hizi naziba mdomo kwa kuogopa harufu. Basi, ni hilo tu. Kwa maswali niko karibu fiti, kwa kichuma nimeharibika. Binamu yangu ni kinyume chake: fizi safi, lakini jino bovu moja limemnyima usingizi siku mbili na kazini hakwenda.

Kwa hiyo vipimo vyote viwili vinahitajika. Ukisubiri maumivu, fizi zitakudanganya. Na wavuta sigara muwe macho zaidi, sigara hupunguza ile damu, ugonjwa unajificha.

Mimi nimeshaondolewa ule ukoga mgumu, nimeambiwa nirudi kupimwa tena. Mfupa uliokwenda kwa kawaida haurudi wenyewe, ila uliobaki unaweza kuokolewa.

Haya wadau, nani asubuhi ya leo ametema damu akanyamaza? Semeni ukweli hapo chini.