Nyangezi: Glasi zenye ukungu hung'aa tena kwa ndimu na majivu, ila ndimu isikutane na Javel

Usiku wa kuamkia harusi, kazi inayochelewesha wamama wengi wa Nyangezi kulala si kupika. Ni kuosha glasi, vere kama tunavyoziita huku. Zinafika ndani ya makreti ya bia, nyingine za kukodi, nyingine za majirani, nyingine zimetoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5 na mashimo yake, na kila kreti huwa na zilizovunjika njiani. Zile zilizopona zinainuliwa moja moja mbele ya taa, na hapo ndipo aibu inaanza. Hii ina ukungu mweupe, ile ina mstari wa chai, nyingine inateleza mafuta.

Mwaka uliopita nilikuwa katika jiko la namna hiyo, kwa harusi ya binamu yangu. Mwenye vyombo alikuwa amesema wazi kwamba glasi itakayorudi na ukungu italipwa sawa na iliyovunjika. Tulisugua kwa sabuni hadi saa nne ya usiku, ukungu ukakataa kutoka. Mmoja wetu akamimina Javel katika beseni. Mwingine, kwa nia njema kabisa, akakamulia humo humo ndimu tano. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Muda si muda macho yakaanza kuwaka, koo likakaza, na shangazi yetu mwenye pumu akatolewa nje akishikwa mabega. Alipona, lakini harusi aliitazama akiwa ameketi barazani.

Javel ikichanganywa na kitu kikali kama ndimu au siki hutoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliwafungulia wanajeshi karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Katika beseni inatoka kidogo tu, lakini jiko likiwa dogo na mlango umefungwa, hiyo kidogo inatosha kumuumiza mtu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba uchafu wote wa glasi ni mmoja. Ukungu mweupe mara nyingi ni madini yaliyobaki baada ya maji kukauka, hasa chokaa. Angalia ndani ya birika unalochemshia maji kila siku. Ukiona ukoko mweupe chini, umeshamjua adui. Anayetembea kando ya Ziwa Kivu ameona pia mawe ya ufukoni yaliyovaa koti jeupe. Nalo ni la jamii hiyo hiyo ya chokaa. Sabuni haiwezi kitu hapo. Tena, katika maji yenye chokaa nyingi, sabuni ya kipande yenyewe huganda na kuongeza utando juu ya glasi. Kinachoyeyusha chokaa ni ukali wa ndimu au siki. Kamulia ndimu katika maji ya uvuguvugu, laza glasi humo nusu saa, kisha pitisha ganda la ndimu lililochovywa kwenye chumvi mahali palipogoma. Suuza kwa maji safi na ukaushe palepale kwa kitambaa cha pamba. Wengi huliruka hili la kukausha, halafu wanashangaa ukungu umerudi. Tone la maji likiachwa likauke lenyewe, linaacha chokaa yake pale pale.

Alama nyekundu-kahawia za kutu, zinazoletwa na mabomba ya chuma yaliyozeeka au maji yenye chuma kingi, nazo hutoka kwa ndimu, ila zinadai muda zaidi.

Mafuta hayaogopi ndimu. Yanaogopa majivu, na hapa bibi zetu hawakuwa wanabahatisha. Majivu ya kuni, na hasa ya maganda ya ndizi, yana potasi nyingi, ile ile inayotumika kutengeneza sabuni ya kienyeji. Yakikutana na mafuta katika maji ya moto, yanayageuza kidogo kidogo kuwa kama sabuni. Lakini chekecha kwanza majivu ya mbabula kwa kitambaa, maana ndani yake mna changarawe. Kwa kipimo cha ugumu ambacho wataalamu wa madini hutumia, chumvi iko kwenye 2.5, kioo karibu 5.5, na mchanga mweupe 7. Ndiyo sababu chumvi husugua bila kukwaruza, na mchanga unaacha mikwaruzo isiyofutika. Usilaze glasi ndani ya majivu usiku kucha pia, kwani maji yake makali hula kioo polepole. Kwa mstari wa chai, majivu laini yaliyokorogwa kama uji mzito yanatosha, au bikabonati, au hata dawa ya meno.

Glasi ikipita kwenye ndimu, kisha majivu, na ukungu bado upo, acha. Hapo hakuna uchafu tena. Kioo chenyewe kimeliwa au kimekwaruzwa, na hakuna kitu cha jikoni kitakachokirudisha. Kwa maoni yangu, mtu anayekodi vyombo azikague glasi mchana, mbele ya mwenyewe, kabla ya kutoa hata franka moja, na zile zilizokufa zitengwe mapema. Sisi tulizipokea gizani.

Chupa za kasiksi zina taabu yake, kwa kuwa mkono hauingii. Watu wengi hutia mchanga na kutikisa. Mchele mbichi kidogo au maganda ya mayai yaliyopondwa, pamoja na maji ya moto kiasi na sabuni, hufanya kazi ile ile bila kukwaruza. Lakini chupa iliyowahi kubeba dawa ya kuua wadudu wa shambani au petroli haioshwi ili inywewe, hata ing'ae namna gani.

Na kung'aa si usafi. Katika jimbo letu la Kivu Kusini, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, glasi inayometa ikisuuzwa kwa maji ya mtoni inaweza kumlaza mtu kitandani. Javel ina nafasi yake, lakini mwishoni: baada ya ndimu kusuuzwa yote, ndani ya beseni jingine la maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, mlango ukiwa wazi.

Kesho yake alfajiri tulihamishia kazi uani. Majivu yaliyochekechwa yalikuwa beseni hili, ndimu beseni lile, na Javel ilibaki ndani ya nyumba. Binti wawili walikuwa na kazi ya kukausha tu. Kufikia saa tatu ya asubuhi glasi 86 kati ya 90 zilikuwa zinapitisha mwanga. Nne ziligoma, na tulizilipa.