Betri Haina Kosa

"Mzee, hii ni betri ya pili mwaka huu, nayo imekufa," aliniambia dereva mmoja wa Msambweni akinionyesha Probox yake. Niliipima betri hiyo. Mita ilisoma volti 12.6, maana yake imejaa. Nikamuuliza asubuhi anawashaje gari. Akasema anaazima umeme kwa jirani, na gari linawaka papo hapo.

Jibu lilikuwa hapo. Jirani alikuwa na mazoea mazuri: waya hasi aliubana kwenye chuma cha injini, si kwenye betri. Kwa hivyo umeme wake ulipata njia nyingine ukakwepa kiungo kibovu, yaani waya wa athi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini. Gari hilo hulala uani karibu na ufuo wa Gazi, na kusi ikivuma chumvi huingia hata chini ya boneti. Shaba hugeuka kijani, na kwa macho tu waya unaonekana umekazwa sawasawa.

Wengi hudanganywa na taa: ikiwaka, hudhani waya ni mzima. Taa ya ndani haihitaji hata ampea moja. Stata ya gari dogo huvuta kama 150. Kwa mkondo huo, ukinzani wa omu 0.02 tu unakula volti 3, na stata inabaki ikilia tik-tik-tik. (Injini ikizunguka kwa nguvu ila haishiki, achana na stata; tafuta mafuta na moto wa plagi.)

Kipimo cha athi hakimshindi mtu. Ncha moja ya mita igusishe nguzo hasi yenyewe ya betri, si kibano chake. Nyingine chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ikipita volti 0.5, athi ina kasoro. Ya Probox ilisoma 2.8. Upande wa chanya nao hupimwa hivyo hivyo, kutoka nguzoni hadi kwenye bolti ya stata.

Nilifungua waya hasi kwanza, nikasugua viungo kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, kisha grisi juu. Gari likawaka mara moja.

Dereva akaniuliza kuhusu ile betri ya kwanza. Nikamwambia ailete tuipime. Alikuwa ameshaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.