Kisukari: Nawa Kwanza, Ndipo Upime

Kama una kisukari na una mashine ndogo ya kupimia nyumbani, hapo Sanya Juu ulipo, nawa kwa sabuni na ujikaushe kabla ya kujitoboa. Utamu wa tende au ndizi mbivu uliobaki kidoleni hupandisha namba kwa uongo. Ukiongeza insulini kwa namba hiyo, sukari hushuka na unaweza kuzirai.

Tega kengele ya simu ikukumbushe kupima, na umwonyeshe daktari namba zako. Wanazuoni wengi wanasema kupima hakubatilishi saumu. Ukiwa umefunga, sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6, fungua mara moja. Al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa.

Sindano ya kujitobolea usichangie na yeyote, hata ndugu yako.